Samaki Mkunje Angali Mbichi: Kompyuta za Shule na Dakika ya Kwanza

Mkulima wa pamba wa Nkololo, katika Wilaya ya Bariadi, hafungi nira baada ya plau kuanza kukata ardhi. Nira hufungwa maksai wangali wamesimama. Mnyororo hukaguliwa pingili kwa pingili. Kina cha plau hupimwa na kurekebishwa. Ndipo mfuo wa kwanza huanza. Yule aliyesahau kukaza kamba pale mwanzo hana budi kuwasimamisha maksai wake katikati ya shamba, jua likiwa limekwisha kupanda, na kuianza kazi upya.

Kompyuta nayo ina wakati wake wa kufungwa nira. Ni muda mfupi, mara nyingi usiozidi dakika moja, baina ya kubonyezwa kwa kitufe cha umeme na kutokea kwa ukurasa wa kwanza kwenye kioo. Watumiaji wengi huuona muda huo kuwa ni wa kungoja tu. Kumbe ndani yake mashine hutambua viungo vyake, hupewa masharti ya kazi, na huamua mambo mengi ambayo baadaye hayageuki ila kwa kuzimwa na kuwashwa tena. Shabaha ya makala haya ni kueleza yanayotendeka katika muda huo kuhusu kiungo kimoja, yaani kadi ya mawasiliano pasiwaya katika kompyuta mpakato, na kutetea hoja moja: kwamba elimu ya dakika hii ya kwanza inastahili kufundishwa katika shule za sekondari, na kwamba shule isiyokuwa nayo itaendelea kutupa mali iliyo nzima.

Mali nzima inayodhaniwa mbovu

Na ichukuliwe kwa mfano shule ya sekondari ya kata, iwe Nkololo au kwingineko katika Mkoa wa Simiyu, iliyopokea kompyuta mpakato kumi zilizokwisha kutumika kwingine. Kompyuta za namna hiyo ni nyingi duniani hivi sasa, na zitazidi. Mwezi Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na mfumo uliofuata. Kwa hiyo wengi wanaozikarabati huzitia mfumo wa Linux, ambao ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na ambao hutumiwa bila ada ya leseni.

Mwalimu anaziwasha. Saba zinaiona ruta ya shule mara moja. Tatu haziioni. Jambo linalotokea baadaye linajulikana sana: husemwa kuwa kadi zimekufa. Mashine hizo tatu huwekwa juu ya kabati. Au hupakiwa kwenye basi kwenda mjini kwa fundi, kwa nauli na kwa siku za kungoja. Au shule hununua vifaa vidogo vya kuchomeka ili kuziba pengo la kadi ambazo huenda hazina kasoro hata moja. Wanafunzi waliopaswa kukaa wawili katika kila mashine hukaa watatu au wanne. Hasara hiyo haionekani katika hesabu ya shule, kwa kuwa hakuna safu ya daftari inayoandikwa "kompyuta nzima zilizotupwa kwa kutoelewa."

Kadi huweza kweli kufa, na jambo hilo halikataliwi. Lakini kabla ya kuitangaza imekufa, inafaa kwanza kuulizwa: je, iliamshwa? Je, ilipewa programu yake? Je, ilipewa masharti sahihi, na kwa wakati uliofaa? Maswali hayo matatu yana majibu, na majibu yake yamo ndani ya mashine yenyewe.

Jinsi mashine inavyoamka

Mwenendo wa kuamka unaweza kugawanywa katika hatua tano.

Kwanza, programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mkuu wa kompyuta huanza kazi. Hiyo hukagua kumbukumbu na vifaa vya msingi, kisha hutafuta diski yenye mfumo.

Pili, programu ya kupakia huchukua vitu viwili kutoka diski na kuviweka katika kumbukumbu: kiini cha mfumo, na kifurushi cha mwanzo ambacho mafundi hukiita initramfs. Kifurushi hiki ni kama mkoba wa msafiri. Ndani yake mmewekwa zana chache tu zinazohitajika kabla diski kuu haijafunguliwa.

Tatu, kiini huanza kutambua viungo. Kila kadi iliyounganishwa hujitambulisha kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na moja ya aina ya kadi, zikiandikwa kwa kizio cha 16. Namba ya Intel ni 8086, ambayo pia ni jina la kichakato maarufu cha kampuni hiyo cha mwaka 1978. Namba ya Broadcom ni 14e4. Ya Realtek ni 10ec. Kiini hakijui kadi kwa sura wala kwa jina la biashara. Kinazijua namba hizo tu.

Nne, namba hizo hulinganishwa na orodha ya viendeshi. Kiendeshi ni programu inayojua lugha ya kifaa fulani. Katika Linux viendeshi vingi huhifadhiwa kama moduli, yaani vipande vinavyoweza kuongezwa kwenye kiini au kuondolewa bila kukiunda upya. Moduli inayofaa hupakiwa, na wakati ule ule wa kupakiwa husoma vigezo vyake: itumie njia gani za kubana umeme, iache uwezo gani, ifuate kanuni za nchi ipi.

Tano, kiendeshi hutafuta famuwea ya kadi. Kadi nyingi za pasiwaya ni kompyuta ndogo zenye kichakato chake, lakini hazina programu ya kudumu. Kila ziwashwapo hungoja kulishwa programu hiyo na kompyuta kubwa. Katika Linux mafaili hayo hukaa katika saraka ya /lib/firmware. Faili likipatikana, humiminwa ndani ya kadi, na redio huanza kusikia. Lisipopatikana, kadi hubaki kipande cha shaba na silikoni, ingawa haina kosa lolote.

Baada ya hatua hizi ndipo programu za kawaida huja na kumwuliza mtumiaji jina la mtandao na nywila. Wengi hudhani kwamba mawasiliano huanzia hapo. Ukweli ni kwamba hapo ni karibu na mwisho.

Mahali ambapo amri hupotea

Mwanafunzi aliyefuata maelezo hayo ataweza sasa kuelewa kosa ambalo huwasumbua hata watu wazoefu. Mwalimu husoma kwamba kadi yake hutulia ikiwa moduli yake itapewa kigezo fulani. Hufungua saraka ya /etc/modprobe.d, huandika mstari unaotakiwa bila kukosea herufi, huhifadhi, huzima na kuwasha. Hakuna kilichobadilika. Huandika tena. Hakuna. Mwishowe husema kwamba maelezo yalikuwa ya uongo, au kwamba kompyuta zina ukaidi.

Kompyuta haina ukaidi. Inatii, lakini inatii ile nakala ya amri iliyoisoma. Moduli ikiwa imetiwa katika kifurushi cha mwanzo, hupakiwa kabla diski kuu haijafunguliwa, na wakati huo mstari alioandika mwalimu ungali umefungiwa ndani ya diski hiyo. Kinachosomwa ni nakala ya zamani iliyomo katika mkoba. Ni sawa na msafiri aliyefunga mkoba wake jana, na leo akaandikiwa barua ikaachwa mezani nyumbani: barua ni sahihi, lakini hayupo wa kuisoma. Dawa yake ni kuufunga mkoba upya. Katika mifumo ya ukoo wa Debian amri ya kufanya hivyo ni update-initramfs -u. Mifumo mingine ina zana zake kwa kazi hiyo hiyo.

Pia iko hali ya pili. Kiendeshi kinaweza kuwa hakikuwekwa kama moduli, bali kimeunganishwa moja kwa moja ndani ya kiini. Hapo mistari ya modprobe.d haisomwi kabisa, kwa sababu hakuna tendo la kupakia moduli. Kigezo hicho ni lazima kiandikwe katika mstari wa amri ambao programu ya kupakia humpa kiini anapoamshwa, kikitanguliwa na jina la moduli na nukta.

Hali ya tatu inahusu famuwea. Kiendeshi kilichoamka mapema mno huomba faili lake kabla diski kuu haijafunguliwa. Faili lipo, lakini mlango bado umefungwa. Kumbukumbu ya kuamka, inayosomwa kwa amri ya dmesg, huandika kwamba upakiaji umeshindwa kwa kosa la -2. Namba hiyo ina maana moja tu: faili halikuonekana. Anayeielewa atajua kuwa ama faili halimo kabisa, ama limo lakini liliombwa kabla ya wakati. Asiyeielewa atasema kadi imekufa.

Hali ya nne ni ya moduli mbili zinazogombea. Kadi moja huweza kudaiwa na viendeshi viwili, na kile kisichofaa kikiwahi, kinachofaa hukosa nafasi. Katika baadhi ya kompyuta mpakato, moduli inayosimamia vitufe maalumu vya mashine hutoa taarifa potofu kwamba swichi ya redio imezimwa, na redio hunyamazishwa kwa amri ya mtumishi asiyehusika. Tiba ni kuiorodhesha moduli hiyo miongoni mwa zisizopakiwa. Nayo orodha hiyo, kama mstari wowote mwingine, ni lazima ifike mapema.

Katika hali zote nne hakuna kilichoungua wala kilichovunjika. Kilichopungua ni mpangilio wa wakati. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Moduli nyingi nazo husoma masharti yake zingali mbichi, na zikishakauka hazikunjiki mpaka ziondolewe na kupakiwa tena.

Nambari ya nchi na hesabu ya mawimbi

Ziko sababu nyingine ambazo zinafaa kuingia moja kwa moja katika kipindi cha fizikia. Kiwango cha kwanza cha mawasiliano haya, kiitwacho 802.11, kilitolewa mwaka 1997. Mitandao mingi ya shule hutumia masafa ya karibu na gigahezi 2.4, yaliyogawanywa katika mikondo. Masafa ya kati ya mkondo wa namba n, kuanzia 1 hadi 13, hupatikana kwa kuzidisha n kwa 5 na kuongeza 2407, jibu likiwa katika megahezi. Mkondo wa 1 ni 2412. Wa 11 ni 2462. Wa 13 ni 2472. Mwanafunzi akigawanya kasi ya nuru kwa masafa ya mkondo wa 6, ambayo ni megahezi 2437, atapata urefu wa wimbi wa kama sentimita 12.3. Hiyo ni hesabu ya mstari mmoja, na jibu lake linaenea katika kiganja na vidole.

Kila nchi ina haki ya kusimamia mawimbi yanayopita katika anga yake. Hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Nchini Marekani kompyuta kwa kawaida hutumia mikondo ya 1 hadi 11. Katika nchi nyingi nyingine ya 12 na 13 nayo hutumika. Linux huzitunza kanuni hizo katika jedwali, na hutaka kuambiwa iko nchi gani. Isipoambiwa, hushika kanuni za tahadhari zinazokusudiwa kufaa kila mahali, na katika baadhi ya mikondo husikiliza tu bila kuanza kusema.

Sasa fumbo la kompyuta tatu huweza kufumbuliwa. Ruta iliyojichagulia mkondo wa 13 haitaonekana na kompyuta inayoamini kwamba iko Marekani. Kompyuta saba zinaiona. Tatu zilizotoka soko jingine haziioni. Na wote wanashangaa. Katika kadi nyingi inatosha kuiambia moduli ya cfg80211, wakati wa kupakiwa, kwamba nchi ni Tanzania, kwa kigezo cha ieee80211_regdom=TZ. Baadhi ya kadi, hata hivyo, zimechongewa kanuni zake kiwandani na hazikubali kulegezwa. Hapo njia rahisi zaidi ni kuihamisha ruta kwenye mkondo wa 1, wa 6 au wa 11. Kazi hiyo ni ya dakika mbili na haihitaji fedha, lakini haiwezi kumjia akilini mtu asiyejua kwamba mikondo ipo.

Inafaa pia wanafunzi waambiwe wazi kwamba nambari ya nchi si kitu cha kuchezea. Wapo wanaoibadilisha ili redio yao ipige kelele kuliko ilivyoruhusiwa. Anga ni mali ya wote. Anayepaza sauti kupita kipimo huwanyima wengine nafasi ya kusikilizana.

Funzo la mwaka 1974

Inawezekana kudhaniwa kuwa mambo haya ni madogo mno kwa mjadala wa taifa. Historia ya Tanzania haikubaliani na dhana hiyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta lilikwenda vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katazo hilo lililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata.

Ni rahisi leo kulicheka katazo lile. Ni vyema zaidi kulielewa. Taifa changa lilikuwa limenunua mashine ghali kabla ya kuwa na watu wake wa kutosha wanaoielewa. Mashine iliposhindwa, hapakuwa na wengi wa kutofautisha kosa la chuma na kosa la maagizo. Serikali ilikuwa na haki ya kuogopa hasara. Lakini dawa iliyochaguliwa iliuondoa ugonjwa kwa kumwondoa mgonjwa. Upungufu haukuwa wa mashine, bali wa watu wenye maarifa ya mashine; na maarifa hayo hayazaliwi pasipo na mashine ya kujifunzia.

Kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya kabati katika shule ya kata ni katazo lile lile la mwaka 1974, ila dogo na lisiloandikwa. Hakuna waziri aliyelitangaza. Limetangazwa na kutojua.

Pingamizi tatu

Wapo watakaoipinga hoja hii, na pingamizi zao zinastahili kujibiwa kwa heshima.

La kwanza husema kwamba walimu wana vipindi vingi na madarasa makubwa, na hawawezi kuongezewa mzigo wa ufundi. Hili lina uzito. Haidaiwi hapa kwamba kila mwalimu awe fundi. Inadaiwa kwamba katika kila shule yenye kompyuta wawepo watu wachache, mwalimu mmoja na wanafunzi kadhaa, wanaoweza kusoma kumbukumbu ya kuamka na kusema kosa liko hatua ya ngapi kati ya zile tano. Saa zinazotumika kujifunza hilo ni chache kuliko saa zinazopotea katika safari moja ya kupeleka mashine mjini.

La pili husema kwamba mifumo ya biashara, pamoja na simu za mkononi, hufanya mambo haya yote kimya kimya, na kwa hiyo hakuna haja ya kuyajua. Ni kweli kwamba hufanya kimya kimya. Lakini haifuati kwamba hayafanyiki. Windows nayo ina viendeshi, famuwea na kanuni za nchi. Tofauti ni kwamba pazia lake ni zito zaidi. Somo lililofundishwa kwa mfumo ulio wazi humsaidia mwanafunzi hata mbele ya mfumo uliofungwa, kama vile aliyejifunza moyo wa mbuzi katika maabara ya biolojia anavyoelewa zaidi maelezo ya moyo wake mwenyewe.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Husema kwamba hata baada ya juhudi zote hizi mwanafunzi ataishia mlangoni, kwa sababu famuwea ya kadi nyingi ni siri ya mtengenezaji. Hili ni kweli, na lisifichwe. Kiendeshi kinaweza kuwa wazi kwa kila msomaji, huku programu iliyomo ndani ya kadi ikiwa kama sanduku lililotiwa kufuli. Hata hivyo mipaka hiyo haikuumbwa na maumbile. Kwa miaka kadhaa wenye kadi za Broadcom walilazimika kutumia kazi ya watu waliochunguza kadi hizo kwa subira kutoka nje, na famuwea iliyokatwa kutoka katika viendeshi vya mifumo mingine. Mwezi Septemba 2010 kampuni hiyo yenyewe ilitoa kiendeshi cha wazi kwa baadhi ya kadi zake mpya. Mlango husogea pale wanapokuwapo wengi wa kuugonga. Wasiojua kwamba kuna mlango hawaugongi.

Yanayopasa kutendwa

Mapendekezo manne yanatokana na hoja hizi, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, kila shule iweke famuwea akiba. Hapa pana kitendawili cha kuku na yai: faili linaloiwezesha kadi kuuona mtandao hupatikana kwa njia ya mtandao. Mjini, penye waya wa mtandao ukutani, kitendawili hicho hakina makali. Kijijini kina makali. Mafaili ya kadi zote za shule yahifadhiwe katika flashi moja, kabla ya haja. Penye simu, ijulikane pia kwamba simu ya kisasa ikiunganishwa kwa waya wake wa USB inaweza kuipa kompyuta mtandao bila kadi ya pasiwaya kuhusika kabisa. Mashine huiona kana kwamba ni kadi ya waya.

Pili, kila mashine iwe na ukurasa wake katika daftari: namba za kadi yake, jina la moduli, jina la faili la famuwea, na mstari wowote ulioongezwa, pamoja na tarehe na sababu. Amri ya lspci -nnk huonyesha namba na moduli kwa kadi nyingi za ndani. Amri ya rfkill list huonyesha kama redio imenyamazishwa. Mfugaji anajua alama za ng'ombe wake. Shule nayo ijue alama za kompyuta zake.

Tatu, mashine moja katika kila shule itengwe kuwa ya kufunguliwa, kuharibiwa na kutengenezwa. Darasa livunje kwa makusudi mpangilio wa kuamka, kisha liutengeneze. Liondoe faili la famuwea na kuisoma hitilafu. Liandike kigezo na kusahau kuufunga mkoba upya. Liihamishe ruta mkondo wa 13. Mwanafunzi aliyesababisha kosa kwa mkono wake halidhani tena kuwa ni uchawi au bahati mbaya.

Nne, maarifa haya yapewe Kiswahili chake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi katika Kiswahili, Jambo OpenOffice, na kuonyesha kwamba lugha hii haina upungufu wa asili mbele ya kompyuta. Lakini kumbukumbu ya kuamka ingali inasema Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Si lazima kiini kitafsiriwe. Inatosha kuanza na orodha fupi ya hitilafu za kawaida na maana zake kwa Kiswahili fasaha, itakayobandikwa ukutani mwa kila chumba cha kompyuta.

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika juu ya elimu ya kujitegemea, na tangu hapo maneno hayo yamefasiriwa mara nyingi kuwa ni jembe na bustani ya shule. Jembe lina heshima yake. Lakini kijiji ambacho mashine zake huamka au hulala kwa hiari ya mtu wa mbali hakijajitegemea, hata kikilima ekari ngapi. Mwanafunzi wa Nkololo anayeweza kusoma mstari unaosema kosa la -2, akatambua kwamba kadi ni nzima na kwamba faili limechelewa, amefanya jambo lile lile analofanya mzazi wake alfajiri kabla ya mfuo wa kwanza: amekagua nira.

Zile kompyuta tatu zilizo juu ya kabati zishushwe, zifutwe vumbi, na ziwashwe tena. Safari hii itazamwe dakika yake ya kwanza.